Kamba kwenye Mvule wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kukaa. Mke wangu huwaambia wageni kwamba kiti changu cha sebuleni kilinunuliwa kwa ajili ya paka, na hasemi uongo. Nikikaa dakika kumi miguu inaanza kuniwasha, nikifika robo saa nishatafuta sababu ya kutoka: nikaangalie banda la mbuzi, nikamjulie hali fulani, nikanunue vocha na huku simu ina salio. Darasani ni hivyo hivyo. Nafundisha jiografia katika skuli ya sekondari huku kaskazini ya Pemba, na wanafunzi wangu wamezoea kugeuza shingo kunifuata, maana somo nalianzia ubaoni na kulimalizia nyuma kabisa, karibu na dirisha.

Kwenye kitabu tunachofundishia mna picha ya msitu wa misonobari wa huko bara, miti mirefu iliyonyooka, na chini yake pasafi utadhani pamefagiwa. Kwa miaka nimewasimulia watoto wa watu habari za mti ambao sijapata kuugusa. Siku moja nilisimama na picha ile mkononi nikaona haya. Kisiwa chetu hakina msonobari wa kusemwa. Tulicho nacho ni mvinje, nao una majani kama sindano lakini hawana udugu. Jioni ile nilikwenda pwani, nikaukumbatia mvinje mzee kuliko yote niliyoijua, mikono ikashindwa kukutana upande wa pili, nikarudi nyumbani na furaha nisiyoweza kuieleza. Kesho yake nikatafuta kamba.

Ilikuwa kamba ya nailoni, ya kuanikia nguo. Nilipiga fundo kila nusu mita, na katikati ya mafundo nikatia alama kila sentimita kumi kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Chupa ilikwisha kabla ya kamba. Tulinuniana siku mbili.

Tangu hapo kila nafasi niliyoipata nilikuwa natafuta miti mikubwa. Nilikwenda msitu wa Ngezi na mlinzi wa msitu, mtu mpole aliyenifuata nyuma akiniambia nipunguze mwendo, miti haitakimbia. Nilipima mivule, mitondoo, na miti mingine ambayo yeye aliijua kwa jina na mimi niliijua kwa gamba tu. Kupima mti kuna adabu yake. Kamba huzungushwa usawa wa kifua, si chini penye mizizi iliyotanuka, maana hapo utajidanganya. Urefu nikiutafuta kwa kijiti: nanyoosha mkono, nasimamisha kijiti kilicho sawa na urefu wa mkono wangu, kisha narudi kinyumenyume mpaka kijiti kiufunike mti mzima, toka shina hadi kilele. Masafa kutoka nilipo hadi kwenye shina ndiyo urefu wa mti, kwa kukisia. Mara nyingi nimerudi kinyumenyume nikatumbukia shimoni, na mlinzi yule hakuwahi kucheka mbele yangu.

Nje ya msitu niliuliza watu. Wanawake wanaookota kuni ndio wajuzi wakubwa, kwa sababu wao wanajua mti upi umedondosha tawi na lini. Wachonga mitumbwi pia wanajua, ila wakikuona na kamba hunyamaza. Na wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na swali moja: mti mkubwa wautakia kazi gani? Nikisema sina kazi nao, nataka kuujua tu, walinitazama kwa huruma. Huku kwetu mti unaopimwa ni mti wenye safari. Mikarafuu ilishahesabiwa mara nyingi kwa sababu zake, na anayekuja kupima hakosi kuwa na nyuma yake mwenye msumeno au mwenye karatasi. Nililijua hilo. Nililijua vizuri kabisa, na bado nikafanya nilichofanya.

Mama mkwe wangu anakaa Mgogoni. Nyuma ya nyumba yake, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda bonde la mpunga, palikuwa na mvule. Baba wa babu yake aliukuta pale. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa yangu nilikuwa nauona kila tunapokwenda, na kwa miaka kumi na minane sikuuona hasa, kwa sababu sikuwa na kamba.

Lazima niseme kidogo kuhusu mimi na mama mkwe. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana mpaka maneno yanakauka. Tunaamkiana kwa kirefu, tunaulizana hali za watu wote walio hai, kisha kila mmoja anatazama upande wake. Likiwapo la kusemwa hupitia kwa mke. Sidhani kama katika miaka yote hiyo niliwahi kumwambia mama mkwe jambo lolote ambalo si salamu au jawabu ya salamu. Na nilimpenda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye dhihaka ndogo ndogo alizozisema akiwa amegeukia jikoni, ili mtu asiwe na uhakika kama kasemwa yeye.

Siku hiyo tulikwenda kumsalimia baada ya sikukuu. Tulikula, tukanyamaza, miguu ikaanza kuniwasha. Mke wangu na mama yake walikuwa jikoni. Nikatoka kwa mlango wa uani, na mvule ule hapo. Kamba ilikuwa kwenye mfuko wa pikipiki. Niliichomeka ncha moja kwenye ufa wa gamba, nikauzunguka mti huku nikikanyaga majani makavu na kupanda juu ya mizizi, na nilipokutanisha ncha nikahesabu mafundo. Mita tano na sentimita arobaini. Sikuwa nimepata mti wa namna hiyo hata ndani ya msitu. Nikarudia kupima, nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake, kisha nikaanza kutafuta pa kusimama nipime urefu.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na ungo wa mchele mkononi. Alikuwa hapepeti. Alinitazama, akautazama mti, akalitazama daftari, kisha akaingia ndani. Mtu mwenye akili angeacha pale pale. Mimi nikaendelea kurudi kinyumenyume na kijiti changu, mpaka nyumba na mikarafuu ikanizuia, nikashindwa kuupata urefu.

Njiani kurudi nyumbani Wingwi mke wangu alikaa nyuma ya pikipiki kimya kwa masafa marefu. Barabara ile ina mashimo, na kila shimo nilitegemea atasema kitu.

"Ulikuwa wafanya nini kule nyuma?" aliniuliza mwisho.

"Nilikuwa napima mvule."

"Mvule wa mama. Siku tulokwenda kumwangalia. Mbele ya macho yake."

"Mwambie basi, ni mapenzi tu ya miti, sina jambo."

"Ntamwambia," akasema.

Hakumwambia. Alikuwa na hasira nami, halafu hasira ikaisha, halafu akasahau. Simlaumu. Mimi mwenyewe wiki ile nilikuwa nawaza urefu wa ule mti tu, na nitarudi lini na kamba ndefu zaidi.

Jumanne jioni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisimamisha pikipiki yake mbele ya nyumba. Yeye huchukua samaki Tumbe na kuwauza vijijini, na matenga yalikuwa bado yanachuruzika maji nyuma yake. Hakushuka.

"Mwalimu," alisema, "mama kasema Jumamosi nti waangushwa. Kasema uje na kamba yako."

"Mti upi?"

"Wausema upi weye? Nti wenyewe." Alikuwa hacheki, ingawa mdomo ulikuwa unamvuta. "Kasema nkwe wake kishaanza hesabu, basi na amsaidie kuimaliza. Mbao zipigwe mafungu, kila ntoto na fungu lake, naye angali yu hai anaona. Kasema hataki kufa akatuacha twagombana."

"Hakuna aliyesema kugombana!"

"Mie n'netumwa tu, yakhe. Kibali kishapatikana. Wapasuaji washaambiwa."

Akaondoka na samaki wake. Nilibaki nimesimama pale. Ndipo nilipoona kitu ambacho mtu yeyote wa Pemba angekiona tangu mwanzo, ila mimi tu na kamba yangu. Mkwe anakuja nyumbani kwako, anakula chakula chako, anatoka uani kimya kimya, anaupima mti wako na kuuandika kwenye daftari. Anapima nini kama si fungu la mkewe? Mama mkwe alidhani nagawa mirathi ya mtu aliye hai. Sijui kama kuna aibu kubwa zaidi ya hiyo. Nilitamani ardhi inifunike.

Mke wangu alipiga simu usiku ule ule, akaiweka sauti kubwa ili nisikie. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Alisema huyu ndio ugonjwa wake, kapima miti ya Ngezi nzima, kapima mivinje ya pwani, kama angekuwa anagawa mirathi basi kashagawa Pemba yote.  Kisha sauti ya mama mkwe ikaja, taratibu.

"Kama ndivyo, aje aseme. Yeye ndiye alofunga kamba nti wangu, si weye."

Simu ikakatwa.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Mvule ule ungesimama au ungeanguka kwa kutegemea kama mimi ningefungua mdomo mbele ya mama mkwe kabla ya Jumamosi. Sentensi moja tu ilitakiwa. Ningeweza kwenda Jumatano. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha, na ni kweli nilikuwa nayo, na sikusahihisha hata karatasi moja. Alhamisi nilikwenda mpaka njia panda nikageuza, nikajiambia mafuta hayatoshi. Ijumaa nilisali na wenzangu na sikumbuki hutuba ilihusu nini. Nilikuwa natunga sentensi. Mama, sikuupima kwa jambo lolote baya. Mama, niwie radhi. Kila niliyoitunga niliiona haina heshima ya kutosha, au ina heshima nyingi mpaka haisemi kitu. Nilizunguka nyumba. Nilikwenda bandani mara nne. Mke wangu alinitazama akitikisa kichwa.

"Twende wote kesho," nilimwambia.

"Nikenda utanisukumia mie," alijibu. "Nenda mwenyewe. Mama hali ntu."

Jumamosi nilifika saa mbili asubuhi. Kamba niliiacha nyumbani kwa makusudi. Wapasuaji walikuwa wawili, wamekaa juu ya mzizi wa mvule, na yule fundi mkubwa alikuwa ananoa mnyororo wa msumeno wa moto kwa tupa, jino baada ya jino, bila haraka yoyote. Niliwaamkia, nikawaomba wangoje kidogo, nina neno na mwenyewe.

"Siye twamsikiliza mwenye nti," fundi alisema. "Akisema haya, twaanza. Hajasema."

Moyo ukatulia. Niliutazama mvule kwenda juu, hata matawi yake ya kwanza yalikuwa mbali, na nikajiambia leo utasalimika. Kisha nikabisha hodi mlango wa mbele, kama inavyotakiwa.

Mama mkwe alinikaribisha ndani. Alinitandikia mkeka mpya, akakaa upande wa pili karibu na mlango wa uani, ushungi umeteremka usoni, akitazama ukuta. Nikamwamkia. Akaitikia. Akaniuliza hali yangu, nikasema njema. Akauliza ya mwanawe, ya watoto mmoja mmoja kwa umri wao. Akauliza ya mama yangu, miguu yake inaendeleaje, kama bado anakwenda mwenyewe kisimani. Nilijibu yote. Akaleta chai na mkate wa kumimina, akanimiminia, akarudi kukaa pale pale. Nikafungua mdomo. Akauliza ya skuli, wanafunzi wanasoma, mitihani imekwendaje. Nikajibu. Akauliza ya jirani yetu aliyeteguka mkono. Nikajibu. Akauliza hata ya mbuzi, yule mwenye mimba kishazaa? Nikasema kazaa, pacha. Akasema alhamdulillahi.

Halafu pakawa kimya.

Sijapata kuona kimya kirefu namna ile. Yeye alikuwa anatazama ukuta, mimi natazama kikombe. Nje niliisikia tupa ikikwaruza chuma, kisha ikaacha. Sentensi yangu nilikuwa nayo mdomoni, nzima, niliyoitunga Ijumaa, na ulimi ukakataa. Niliona kumkatizia kimya chake ni utovu wa adabu. Nikasema moyoni nimalize chai kwanza. Mkwe aliyepewa chai huimaliza. Nikanywa taratibu, na la ajabu ni kwamba miguu haikuniwasha. Nilikaa pale nimetulia tuli, mimi huyu, ambaye hajapata kumaliza kikombe cha chai mahali pamoja.

Aliinuka, akachukua sinia, akatoka kwa mlango wa uani. Nikamsikia akisema neno moja huko nje. Haya.

Msumeno ulivutwa ukakohoa, ukazima. Ukavutwa tena. Nikajiambia mashine ile mbovu, itachukua muda, akirudi tu nitasema. Ukavutwa mara ya tatu ukawaka, na sauti yake ikabadilika ghafla ikawa nzito, na mimi nimezunguka kwenye miti kiasi cha kujua maana ya sauti ile. Ulikuwa umegusa gamba.

Nikangoja arudi, na msumeno ukazidi kuzama, na hakurudi; hapo ndipo nilipotoka mbio, peku, viatu nimeviacha mlango wa mbele.

"Mama!" Nilipiga kelele, kwa sababu msumeno ulikuwa unapiga kelele kunishinda. "Mama, sikuupima kwa mirathi! Wallahi sikuupima kwa mirathi! Niliupima kwa kuupenda tu, ndio mti mkubwa kuliko yote niliyopata kuiona, sitaki hata ubao wake mmoja!"

Sentensi ile haikuwa ile niliyoitunga. Mama mkwe aligeuka. Akainua mkono, na fundi akazima msumeno. Pakatulia mpaka nikasikia kuku wakiparura nyuma ya jiko.

Fundi alikuja akipangusa vumbi la mbao kwenye kope. Alizungumza na mama mkwe kwa upole, akinionea huruma pembeni. Alisema mdomo ushakatwa, ule mkato wa kwanza unaouelekeza mti uangukie upande gani, na umeingia ndani sana. Mti mzito kama huu hauwezi kuachwa na jeraha la namna ile. Upepo wa kwanza wa maana utauvunja, na hakuna wa kuuambia uangukie bondeni usiangukie nyumba. Niliuangalia mkato wenyewe. Utomvu mweupe ulikuwa umeanza kutoka, unateremka kwenye gamba.

Mama mkwe aliuangalia pia, muda mrefu. Kisha akanigeukia. Aliusogeza ushungi nyuma, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi. Macho yake yalikuwa na maji.

"N'nekuuliza kila kitu," alisema. "Mamako, skuli, mpaka mbuzi. Nlikuwa nkungoja useme. Nliposhindwa la kuuliza n'kasema basi, kumbe kweli ndo atakalo."

 Nilitaka kumwambia nilidhani ni heshima, lakini hata hilo lilikuwa limepitwa na wakati wake. Fundi alisubiri kidogo, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akauliza kama aendelee au afanye nini. Mama mkwe hakumjibu. Alikuwa bado ananitazama mimi, na nikaelewa kwamba ananingoja tena, na safari hii hatasema yeye.

"Endeleeni," nikasema.